Bila Kisu

Ijumaa ya tarehe 27 Novemba 1981, siku moja baada ya Sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, mkemia aitwaye Rangaswamy Srinivasan alikwenda kazini na kiporo cha bata mzinga. Hakukibeba kwa ajili ya chakula cha mchana. Alikiweka mbele ya leza.

Kazini kwake palikuwa kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM huko Yorktown Heights, kaskazini ya jiji la New York. Yeye, mzaliwa wa India, na wenzake wawili, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya aina mpya iitwayo eksaima. Ilitoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, mwanga ambao jicho haliwezi kuuona. Walikwisha kujua kwamba mwanga huo huchonga plastiki kwa unadhifu wa ajabu. Na kwa mkemia, plastiki na nyama haviko mbali sana: vyote ni minyororo mirefu ya molekuli. Basi bata akachongwa. Kwenye gegedu ulibaki mfereji safi, kingo zake zimenyooka, hakuna alama ya kuungua. Walipojaribu leza nyingine ya mwanga wa kijani ili kulinganisha, nyama iliungua ikaacha kingo nyeusi kama mshikaki uliosahauliwa jikoni.

Leza nyingi hukata kwa kuchoma. Hii hufanya kazi kwa njia nyingine. Mwanga wa nanomita 193 humezwa wote na tabaka jembamba mno la juu, na una nguvu ya kutosha kukatua vifungo vinavyoshika molekuli. Vipande vinaruka, na joto linaondoka navyo kabla halijapata nafasi ya kushuka chini. Kila mpigo huondoa kama robo ya mikroni, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Wynne na wenzake walichonga hata unywele wa binadamu, wakaacha juu yake pengo lililonyooka kana kwamba limekatwa kwa msumeno wa sisimizi. Picha ya unywele ule ilisafiri duniani kote. Mwaka 1988 walipewa hataza ya uvumbuzi ya Marekani, na baadaye sana, mikononi mwa Rais Obama, nishani ya taifa ya teknolojia.

Ndivyo historia ya kurekebisha macho kwa leza inavyosimuliwa mara nyingi, na mimi naipenda kama kila mtu. Shida yangu ni pale inapoanzia. Ukianza na bata, leza inakuwa shujaa, na waliotangulia wanakuwa watu waliokuwa wakipapasa gizani. Kumbe mwaka 1981 maelfu ya watu walikwisha kukatwa macho yao ili waache miwani, na wengi wao waliambiwa maneno yaleyale tunayoambiwa sisi leo.

Turudi nyuma basi. Mbele ya jicho pana kioo kilicho hai kiitwacho konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na hapo ndipo theluthi mbili hivi za kazi ya kupinda mwanga hufanyika. Lenzi iliyo ndani humalizia. Mtu asiyeona mbali ana jicho refu kupita kiasi, au konea iliyobinuka mno, hivyo picha inaangukia kabla ya kufika kwenye retina. Urefu wa jicho huwezi kuupunguza. Mbinuko wa konea unaweza. Karibu yote yaliyofuata ni majaribio ya kuilaza konea kidogo, iwe kwa wembe, kwa barafu, kwa joto au kwa mwanga.

Tsutomu Sato, daktari wa Tokyo, alianza kwa wembe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuendelea baada ya vita, alikata mikato midogo kwenye konea, upande wa mbele na upande wa ndani pia. Konea ikalegea, ikalala, na wagonjwa wakaona. Mwaka 1953 matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Marekani la madaktari wa macho. Hakuwa tapeli. Alipima, akaandika, akawaonyesha wenzake. Ila upande wa ndani wa konea una safu moja ya seli ambazo kazi yake ni kusukuma maji nje ili kioo kibaki angavu, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazizaliwi upya. Wakati ule umuhimu wake haukuwa umeeleweka. Sato alizikata. Konea haikulalamika mwaka wa kwanza, wala wa tano. Baada ya miaka kama 20 ndipo macho ya wengi yalipoanza kuvimba na kuingia ukungu. Sato mwenyewe alifariki mwaka 1960, kabla ya kuona walichovuna wagonjwa wake.

Nilipokuwa nasoma habari za Sato kwa ajili ya semina ya historia ya sayansi, shangazi yangu alinitumia tangazo kwenye simu. Shangazi hunihurumia kwa miwani; anaamini ndiyo inayonichelewesha kuoa. Tangazo lilikuwa na macho mawili ya kibuluu yasiyofanana na ya mtu yeyote katika ukoo wetu, na chini yake maandishi: bila kisu, bila maumivu, ya kudumu. Nikampigia.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba, baba. Umeona? Dakika kumi tu, wanasema. Unaingia kipofu, unatoka tai.”

Nikamwambia nitalisoma vizuri, na kweli nililisoma, kwa namna tunayofundishwa kusoma waraka: nani anasema, anamwambia nani, na kwa nini amechagua neno hili akaacha lile. Maneno mawili yalinikalia kichwani. *Bila kisu*. *Ya kudumu*.

Huko Bogotá, Kolombia, kulikuwa na mtu mwenye subira zaidi. José Ignacio Barraquer, mzaliwa wa Barcelona kutoka familia ya madaktari wa macho, alianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kufikiria kwamba konea ingeweza kuchongwa kama lenzi. Njia yake ukiisikia utafikiri ni mzaha. Anakata kisahani chembamba kutoka mbele ya konea kwa chombo alichokibuni mwenyewe, anakigandisha kwa baridi kali mpaka kiwe kigumu, anakifunga kwenye mashine ya kukereza lenzi, anakikereza kwa vipimo, anakiyeyusha, kisha anakishona tena mahali pake. Walioweza kuifanya kazi hiyo kama yeye walikuwa wachache. Lakini chombo chake cha kukatia, na wazo la kuchonga ndani ya konea badala ya juu yake, vimo katika kliniki nyingi leo. Ningekuwa na uwezo ningempa Barraquer ukurasa wa kwanza, bata angesubiri wa tatu.

Wa pili ningempa Mrusi mmoja, ingawa kwa moyo mzito. Svyatoslav Fyodorov alikuwa mtoto wa jenerali aliyekamatwa enzi za Stalin, akapoteza mguu ujanani, akageuka kuwa daktari wa macho maarufu kuliko wote katika Umoja wa Kisovyeti. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja aliyekuwa haoni mbali alivunjikiwa na miwani usoni, vigae vikamkata konea, na alipopona akawa anaona vizuri kuliko awali. Kisa hiki kimekaa vizuri mno, na mimi huwa na shaka na visa vinavyokaa vizuri mno. Kisicho na shaka ni kwamba katika miaka ya 1970 Fyodorov alichukua wazo la mikato, akaacha upande wa ndani uliowaponza wagonjwa wa Sato, akakata upande wa mbele tu, mikato ikitawanyika kutoka karibu na kati kwenda pembeni kama spoki za baiskeli.

Kisha akaijengea kiwanda. Huko Moscow wagonjwa walilazwa kwenye vitanda vinavyosogea, vikapita mbele ya madaktari waliokaa kwa mpangilio, kila mmoja akifanya hatua yake moja na kumwachia anayefuata. Alikuwa hata na meli iliyogeuzwa hospitali, iliyotia nanga katika bandari za Mediterania na Ghuba kuwahudumia wenye fedha za kigeni. Mwaka 1996 aligombea urais wa Urusi, akapata chini ya asilimia moja ya kura. Mwaka 2000 alifariki katika ajali ya helikopta.

Wamarekani waliiga mikato yake kwa pupa, lakini walifanya na jambo moja ambalo Moscow haikulifanya kwa uzito uleule: walikaa wakasubiri. Utafiti uliojulikana kwa kifupi PERK uliwafuatilia wagonjwa kwa miaka 10, na matokeo yalitoka mwaka 1994. Wengi, asilimia 70 hivi, walisema hawahitaji miwani ya kuonea mbali. Lakini asilimia 43 ya macho yalikuwa yamesogea kwa dayopta moja au zaidi kuelekea upande wa pili, ule wa kushindwa kuona karibu. Mikato haikutulia. Konea iliendelea kulala polepole, mwaka baada ya mwaka, kwa watu waliodhani jambo lao lilikwisha siku walipotoka kliniki.

Miaka miwili baadaye, mmoja wa watu waliokuwa na mikato hiyo alikuwa anapanda Everest. Beck Weathers, daktari kutoka Dallas, alikuwa juu ya mita 8,000 tarehe 10 Mei 1996 alipogundua kwamba macho yanazimika. Kwenye hewa yenye oksijeni haba konea iliyokatwa huvimba mahali pa mikato na kubadili umbo. Bondeni Texas hakuna kitu ambacho kingemwonya. Kiongozi wake, Rob Hall, alimwambia asubiri palepale mpaka atakaporudi. Hall hakurudi, alikufa mlimani katika dhoruba ya siku ile. Weathers alilala kwenye theluji, wenzake wakamwacha wakiamini amekwisha kufa, kisha akaamka na kutembea mpaka kambini. Alipoteza mkono wa kulia, vidole vya kushoto na pua. Dhoruba ndiyo iliyomfanya hivyo, sawa, lakini kilichomweka mahali pale saa zile ni mikato iliyopendeza kabisa siku ilipokatwa.

Hapo sasa ndipo leza inapoingia, na utaona kwa nini ilipokewa kama mkombozi. Mwaka 1983 Stephen Trokel, daktari wa macho wa New York, alikwenda kwa Srinivasan na macho ya ndama. Mwanzoni alifikiria leza itakate mikato ileile ya Fyodorov, safi zaidi. Haukupita muda wazo likageuka: kwa nini kukata, wakati unaweza kufuta? Ukiwa na chombo kinachoondoa robo ya mikroni kwa mpigo, unaweza kuipunguza konea katikati kama fundi anavyopiga msasa. Charles Munnerlyn alitoa hesabu yake. Kwa eneo lenye upana wa milimita 6, dayopta moja hugharimu mikroni 12. Namba yangu mimi ni 4, kwa hiyo mikroni 48. Ni pungufu ya unene wa unywele wa kawaida. Nimevaa vioo tangu darasa la sita kwa ajili ya kitu ambacho hata kidole hakiwezi kukihisi.

Wa kwanza kujaribiwa walikuwa wanyama, kisha macho yaliyokuwa yamekwisha kupofuka. Lakini jicho pofu haliwezi kukuambia kama linaona. Mwaka 1988 huko New Orleans, mwanamke mmoja mwenye saratani, aliyekuwa akingoja kuondolewa jicho lenye uwezo mzuri wa kuona, alijitolea litumike kabla halijaondolewa. Marguerite McDonald alimfanyia kazi hiyo ya leza. Siku chache baadaye jicho likaondolewa kama ilivyopangwa, likachunguzwa, na konea ikaonekana imepona vizuri. Picha ya unywele imekuwa maarufu kuliko mwanamke huyo. Mimi naona kipimo kimekosewa hapo, kwa sababu unywele haukutoa chochote.

Mamlaka ya Marekani iliidhinisha leza ya eksaima kwa kazi hii Oktoba 1995. Iliuma siku kadhaa, maana ngozi ya juu ya konea hukwanguliwa kwanza, na uponyaji ulikuwa wa taratibu. Mgiriki Ioannis Pallikaris, kisiwani Krete, alikwisha kuwa na jibu: rudi kwa Barraquer. Kata kifuniko chembamba, kifunue kama ukurasa, piga leza chini yake, kirudishe. Hii ndiyo iliyoitwa LASIK. Mgonjwa huona vizuri kesho yake asubuhi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa biashara kubwa.

Na mwaka 1998, Theo Seiler, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wenyewe wa leza hii, aliandika kuhusu konea zilizoanza kutokeza kama pia baada ya LASIK, kwa kuwa zilibaki nyembamba au dhaifu kuliko inavyofaa. Namheshimu kwa hilo. Miaka michache baadaye yeye na wenzake wa Dresden walitoa pia dawa yake: matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno, vinavyokaza nyuzi za konea. Kifuniko nacho hakiungani tena na kuwa na nguvu za awali.

Kisu chenyewe kiliondolewa na ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maabara ya Gérard Mourou, Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi mmoja alipigwa jichoni na leza ya femtosekunde, yenye mipigo mifupi kiasi kwamba sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni moja. Daktari aliyemchunguza, Ron Kurtz, alistaajabia si jeraha bali usafi wake: vidoa vidogo, mviringo kamili, pembeni hapakuguswa. Kutoka hapo ikaja leza inayokata kifuniko badala ya wembe, na baada yake njia iitwayo SMILE, iliyoanzia Ujerumani na kuidhinishwa Marekani mwaka 2016. Humo leza huchora kisahani ndani ya konea, na daktari hukivuta nje kupitia tundu la milimita chache. Mourou na Donna Strickland walipata Nobeli mwaka 2018 kwa mbinu iliyowezesha mipigo hiyo.

Kwa hiyo ni kweli, kisu cha chuma hakipo. Lakini konea haijui tofauti ya chuma na mwanga. Inajua kwamba imekatwa, na kwamba mishipa yake ya fahamu imekatwa pamoja nayo, ndiyo sababu macho makavu ni lalamiko la kawaida. Utafiti uliosimamiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwakuta wengi mno wakiridhika. Uliwakuta pia hadi asilimia 46 ya wale ambao hawakuwa na dalili kabla, sasa wakiona walau dalili moja mpya baada ya miezi mitatu: taa zenye duara, mng'ao, vivuli. Waliotatizwa sana nazo katika shughuli zao hawakufika asilimia moja. Namba zote mbili ni za kweli, na kila upande katika mabishano haya hunukuu moja.

Iliwahi kuwepo leza ambayo kweli haikukata kitu. Mwaka 2000 Marekani iliidhinisha mashine iliyopasha konea joto kwa vidoa vilivyopangwa duara, bila kugusa, kwa wasioona karibu. Sekunde chache tu. Kibali chenyewe kilisema ni nafuu ya muda, na kweli konea ilirudi taratibu kwenye umbo lake. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 2002. Tangazo la shangazi lilikuwa limeunganisha maneno mawili ambayo, katika historia hii niliyoipitia, hayajawahi kukaa nyumba moja: iliyodumu ilikata, na isiyokata haikudumu.

Hata neno *kudumu* lina mpaka wake. Leza hurekebisha konea, wakati lenzi ya ndani inaendelea kuzeeka kama kawaida. Ukivuka miaka 40 hivi inakuwa ngumu, na miwani ya kusomea inagonga mlango hata kwa aliyelipia aiage. Shangazi, ambaye macho yake hayakuwahi kuwa na tatizo, siku hizi husoma ujumbe wangu akiwa ameinyoosha simu mpaka mkono unaisha.

Waliofanyiwa leza miaka ya 1990, wakiwa na miaka 35 au 40, sasa wamefika umri wa mtoto wa jicho. Upasuaji wake ni wa kawaida: lenzi iliyochafuka inaondolewa, inawekwa ya bandia, na nguvu ya hiyo ya bandia hupigiwa hesabu kutokana na mbinuko wa konea. Hesabu za zamani zilidhani kila konea ni ya kuzaliwa nayo. Kwa konea iliyochongwa zinatoa jibu lililopotoka, na mtu anaamka na namba asiyoitarajia. Siku hizi kuna hesabu mpya zinazojaribu kuliziba pengo hilo, lakini daktari bado hufurahi akipata vipimo vya kabla ya leza. Humuuliza mgonjwa: namba yako ilikuwa ngapi? Konea ilipimwaje? Kliniki ile huenda ilifungwa au ilibadilisha mwenyewe, na faili lilitupwa siku walipohama jengo. Basi mgonjwa anarudi nyumbani kupekua masanduku, akitafuta karatasi ya mwaka 1998, au walau miwani yake ya zamani, ambayo fundi anaweza kuisoma namba kwenye vioo vyake, kama hakuitupa siku ile ile alipotoka kwenye leza akiwa na furaha.